Santuri 143 za babu, na masikio ya kuzisikiliza

Swali: Mwalimu, naandika kutoka Buruburu. Babu mzaa mama alikuwa na baa Shauri Moyo miaka ya sabini. Alipofariki mwaka jana alituachia katoni mbili za santuri ndogo, jumla 143, na nyingi sijawahi kuzisikia redioni wala kuziona mtandaoni. Nimerekodi baadhi kwa simu, nikawatumia ndugu na marafiki nyimbo 38 kwa siku moja. Waliosikiliza ni wawili, na mmoja akaniuliza kama sina zile zinazojulikana. Nyimbo ni nzuri na inaniuma zikipita hivi hivi. Nifanyeje watu wazisikilize? Naweza kuziweka mtandaoni bila kuvunja sheria? Na kuna moja niliyoipenda kuliko zote, nadhani ni ya Kijaluo, lebo imechanika, limebaki neno "Jazz" na "Part 2". Mwimbaji simjui.

Jibu: Asante kwa barua, dada, na pole kwa kumpoteza babu. Mtu aliyetunza santuri 143 tangu siku za baa hadi zikakufikia zikiwa zinacheza alikuwa mtu makini. Nimekaa na kazi hii ya kuhamisha sauti kutoka santuri na kaseti kwa miaka mingi, na katoni nyingi nilizoletewa zilikuwa zimelazwa chini ya kitanda hadi zikapinda kama sahani.

Nianze na lile linalokuuma. Waliopokea nyimbo zako hawakuzikataa, hawakuzifikia. Mtu yuko kwenye matatu, jam ya Jogoo Road haisongi, simu inaingia faili 38 zenye majina kama Sauti 001 na Sauti 002. Anasema atasikiliza baadaye, na baadaye hiyo haifiki.

Waulize wazazi wako kuhusu kadi za salamu za redio. Msikilizaji alinunua kadi, akaandika majina ya anaowasalimu, mahali walipo, ujumbe wake, na wimbo anaoutaka. Mtangazaji aliisoma yote kabla sindano haijashuka. Uko Kisii, unasikia mtu wa Voi akimsalimu shemeji yake wa Bungoma na kumkumbusha asisahau ile ahadi, kisha gitaa linaanza. Hata kama hukuwahi kuusikia wimbo ule, ulikaa ukausikiliza, maana sasa ulitaka kujua ni ahadi gani. Wimbo ulifika ukiwa na mwenyeji. Zako zilifika bila mtu wa kuzikaribisha.

Hapa kwetu muziki wa zamani tunauita zilizopendwa, na jina hilo linatupoteza kidogo. Wimbo wa Les Wanyika ukipigwa popote Nairobi, nusu ya ukumbi inaimba kabla ya mwimbaji mwenyewe. Kumbukumbu inafanya kazi yote. Katoni yako ni ya aina nyingine. Nyingi ya nyimbo hizo zilipigwa kwenye baa kwa majuma machache, dukani zikauzwa zikaisha, likaja toleo jingine. Hazikuwahi kupendwa na wengi, kwa sababu wengi hawakuzisikia. Kwa hiyo usizipeleke kwa watu ukitegemea wazikumbuke. Wapelekee kama habari mpya, kwani kwao ni mpya kweli, hata zikiwa na miaka hamsini.

Sasa fanya hivi. Mfikirie mtu kwanza, wimbo baadaye. Kama una shangazi aliyekulia Machakos na katoni ina wimbo wa Kikamba, huyo na wimbo huo wamekutana tayari. Kama rafiki yako hupiga gitaa, mtumie mmoja tu, umwambie asikilize gitaa la pili kuanzia dakika ya tatu, linapoacha kufuata mwimbaji na kuanza kujibizana na besi. Usimwulize mtu "umeusikiliza?" kwa sababu swali hilo linamfanya ajisikie mdaiwa. Mwulize kitu ambacho hawezi kukijibu bila kusikiliza. "Shangazi, hebu nitafsirie ubeti wa pili, babu alikuwa anacheka kila akiufikia." Nimeona swali la namna hiyo likirudisha majibu ya dakika kumi kutoka kwa watu ambao kwa kawaida hawajibu ujumbe.

Na usitume upande mmoja. Hili nalisisitiza kwa sababu kila anayeanza hulikosea. Santuri ya inchi 7 ya mizunguko 45 hubeba dakika tatu, nne hivi kila upande, na benga, muziki wetu wa magitaa ya kasi, haikutoshea humo. Ndiyo maana wimbo uligawanywa, Part 1 upande huu na Part 2 upande ule. Upande wa kwanza mara nyingi ni wa maneno: kisa, majina ya wanaosifiwa, kijiji chao. Ukigeuza, sauti za watu zinanyamaza na magitaa yanachukua uwanja, na hapo ndipo watu waliinuka vitini. Anayepewa Part 1 peke yake amepewa hodi bila kufunguliwa mlango. Ziunganishe ukitaka kumpa mtu wimbo mzima, lakini hifadhi pande zote mbili kama zilivyo, pamoja na pale sauti inapofifia na kurudi.

Mahali bora pa kuanzia ni sebuleni kwenu. Jumapili baada ya chai, mashine iwe mezani, santuri sita zisizozidi. Wape watu bahasha waishike mkononi. Mjomba akianza kusimulia katikati ya wimbo, usimnyamazishe. Washa kinasa cha simu, kwa sababu hadithi yake sasa ni sehemu ya santuri hiyo. Filamu za kigeni zilipata watazamaji mitaani kwetu kwa njia iyo hiyo: DJ Afro alikaa kati ya filamu na watu, akaisimulia kwa lugha yao, na picha ambayo hakuna aliyejua ilikotoka ikawa gumzo la mtaa. Wewe ndiye msimulizi wa katoni hizi.

Lakini yote haya yatakwama kama sauti ni mbaya, na ulivyorekodi kwa simu, naamini ni mbaya. Simu ikiwekwa mbele ya spika inachukua spika, ukuta, pikipiki ya nje na mbwa wa jirani, na besi inapotea. Muziki wa zamani umesingiziwa mambo mengi ambayo ni makosa ya aliyerekodi. Anayesikia mkwaruzo na mwangwi husema "muziki wa kizee", kumbe studio ya Nairobi ya mwaka 1974 ilitoa sauti safi na nzito.

Kwanza ziogeshe. Tumia maji ya kuongezea betri za gari, yale yasiyo na asidi, yanapatikana kituo chochote cha petroli. Maji ya bomba huacha chumvi kwenye mifereji. Weka tone moja la sabuni ya vyombo kwenye nusu lita, kitambaa laini kisichotoa nyuzi, fuata mzunguko wa mifereji, usikate kwa mapana, na lebo isilowe. Suuza kwa maji hayo hayo bila sabuni, zisimamishe zikauke kivulini. Utaona kitambaa kimegeuka rangi ya udongo. Hiyo ni vumbi na moshi wa miaka hamsini ya Shauri Moyo, na ilikuwa imekaa kati ya sindano na mpiga gitaa.

Angalia pia kama ndani ya katoni kuna santuri kubwa kidogo, za inchi 10, nzito, zinazovunjika kama kigae. Hizo ni za mizunguko 78, na zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa India, si plastiki. Usiziguse kwa spiriti. Nilipokuwa ninajifunza, niliipangusa moja kwa spiriti, nikaona weusi ukihamia kwenye pamba, na nilipoipiga, upande mzima ulikuwa umebaki mvumo mtupu. Ilikuwa ya mzee mmoja wa Pumwani, na hakuwa na nyingine. Spiriti huyeyusha utomvu ule. Kwa 78 pia unahitaji sindano yake, nene takriban mara nne kuliko ya 45. Ukitumia ya kawaida inazama chini ya mfereji na kukuletea kelele.

Kuhusu mashine: usinunue ile ya sanduku yenye spika ndani, mkono wake ni mzito na unakula santuri. Mashine ya mtumba ya miaka ya themanini ni bora, ila uliza ilitoka wapi. Zile za Marekani zilitengenezwa kwa volti 120, umeme wetu utaziunguza. Hata ukiweka transfoma, kuna tatizo wengi hawalijui. Umeme wao hutikisika mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50, na mota za aina fulani hufuata mtikisiko huo. Matokeo yake santuri inazunguka polepole kwa moja ya sita, mwimbaji wa sauti ya juu anageuka besi, na wimbo wa kuchezesha unakuwa wa msiba. Nimeshaletewa rekodi zilizosambaa hivyo kwa miaka, watu wakidhani ndivyo bendi ilivyoimba. Kupima ni rahisi: bandika kipande cha karatasi pembeni ya sahani, hesabu mizunguko kwa dakika moja. Ziwe 45 kamili.

Mashine isiunganishwe moja kwa moja na kompyuta. Sauti inayotoka kwenye sindano ni dhaifu, na besi ilipunguzwa makusudi wakati wa kuchonga santuri ili mifereji itoshee. Inahitaji kikuza sauti cha santuri kinachoirudisha. Ukikosa hicho, kila wimbo utasikika kama umeimbwa ndani ya mkebe. Rekodi kwa programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, kwa biti 24 na kilohezi 96, uhifadhi kama WAV. Hiyo ndiyo nakala mama na haitumwi kwa mtu. Kutoka hapo toa MP3 ndogo za kutuma. Usisafishe mikwaruzo hadi muziki ukauke. Programu za kuondoa kelele hula matoazi kwanza, kisha pumzi ya mwimbaji. Mlio mdogo kama vitunguu vikikaangwa hauna ubaya.

Nije kwenye majina, ambayo kwangu ndiyo kiini cha barua yako kuliko hata sauti.

Kabla hujarekodi, piga picha lebo za pande zote mbili. Andika kila herufi ilivyo, hata iliyokosewa: bendi, mtunzi, nambari, jina la kampuni, mhuri wa duka kwenye bahasha, hata mwandiko wa kalamu ya babu. Lebo ya Chandarana inakuelekeza Kericho. Melodica inakuelekeza Tom Mboya Street papa hapa mjini. Equator Sound ni studio ya Nairobi iliyowarekodi kina Fadhili William na Daudi Kabaka. Kisha jina la faili liwe jina la wimbo na bendi, maana faili likishatoka mkononi mwako, picha huachwa nyuma na jina la faili ndilo linalosafiri.

Kwenye pwani ya Karibi ya Kolombia, wenye mitambo mikubwa ya spika inayoitwa picó walikuwa wakinunua santuri kutoka Afrika na kukwangua lebo ili mshindani asijue ni wimbo gani, kisha wakaupa jina lao. Watu wakacheza miaka na miaka bila kujua nani anaimba. Walieneza muziki kweli, na sikatai kwamba waliupenda. Lakini mwimbaji alibaki kijijini kwake bila kujua kwamba mji mzima ng'ambo ya bahari unacheza sauti yake. Na lebo haikwanguliwi kwa kisu peke yake. Anayetuma Sauti 014 ameikwangua vilevile.

Huku kwetu tumeona jina moja likileta mzozo wa miongo. Fadhili William aliurekodi Malaika na Black Shadows, ukaimbwa dunia nzima, na hadi leo wapo wanaosema mtunzi ni Adam Salim. Kama wimbo mashuhuri kiasi hicho unabishaniwa, fikiria ule ambao santuri zake zilizobaki ni chache, na moja iko kwenye katoni yako.

Ndiyo maana nakuomba usianze na dunia, uanze na wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na santuri yenye jina la mtunzi ambalo hakuna aliyelitambua. Ubeti wa tatu ulimsifu fundi redio wa Kariobangi. Nikaenda Kariobangi nikauliza mafundi wazee, na siku ya pili nikaoneshwa mzee aliyekuwa akipiga ridhimu katika bendi hiyo. Nilimwekea wimbo kwenye simu. Alisikiliza akiwa ameshika bisibisi, hakusema kitu mpaka Part 2, kisha akasema, "Huyo anayeimba si yule aliyeandikwa. Huyo ni binamu yangu. Aliyeandikwa alikuwa na gari la kutubeba." Hakuwa ameusikia tangu siku za bendi. Nilirudi nyumbani nikarekebisha jina, na tangu siku hiyo sichapishi wimbo kabla sijatafuta mtu wa kuusikiliza aliyekuwepo.

Wakubwa pia wamejifunza hivyo. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba Chemirocha, jina walivyolitamka la mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers ambaye santuri zake zilikuwa zimefika kwao. Rekodi ilihifadhiwa Afrika Kusini, wasomi na wapenzi wa muziki wa ng'ambo wakaijua, na ilichukua zaidi ya miaka 60 nakala kurudishwa kwa jamii iliyoimba. Na kuna mfano unaokufaa zaidi, wa mjukuu kama wewe. Joseph Kamaru, mwimbaji wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018, ana mjukuu mwenye jina lake, msanii wa sauti anayejulikana kama KMRU. Mjukuu huyo amekuwa akizitoa upya rekodi za babu yake kwenye Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, na waliokuja kwa muziki wa mjukuu wakamkuta babu. Mkusanyiko wa Kenya Special wa kampuni ya muziki ya Soundway, wa mwaka 2013, ulibeba nyimbo 32 za miaka ya sabini na themanini, nyingi za santuri ndogo kama zako, zikiwa na maelezo yake. Kwa hiyo masikio yapo.

Sheria sasa. Katika kila santuri kuna haki mbili zinazokwenda kila moja njia yake. Haki ya rekodi yenyewe hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Iliyorekodiwa 1973 iliisha mwisho wa 2023. Haki ya utunzi, yaani maneno na mahadhi ya wimbo, hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo karibu kila wimbo kwenye katoni yako bado una mwenyewe, yeye au warithi wake. Umemiliki plastiki, hukurithi wimbo. Kusikiliza na familia hakuna shida. Kuweka wimbo mzima mtandaoni kunahitaji ruhusa, na ile habari kwamba sekunde 30 ni halali haimo kwenye sheria yetu. Ukiwapata wenyewe, andikianeni makubaliano hata ya ukurasa mmoja. Ofisi ya Bodi ya Hakimiliki iko hapa Nairobi, kaulize. Kwa sasa unaweza kuweka picha za lebo na kusimulia wimbo kwa maneno yako. Mara nyingi picha ya lebo peke yake ndiyo inayomtoa mjukuu wa mwimbaji alikojificha. Vituo vya redio vya lugha zetu, kama Ramogi, Musyi na Inooro, nao husikilizwa na wazee wanaokumbuka bendi kwa majina.

Watakuja wanunuzi pia, na wengine watakutajia bei nzuri kwa moja mbili. Hilo ni lako na familia. Ila usiuze kabla hujarekodi na kupiga picha, na usiuze katoni nzima kwa mtu anayekukataza kubaki na nakala.

Ile yenye lebo iliyochanika. Neno Jazz halitusaidii, bendi za Afrika Mashariki nzima zilijiita hivyo. Ishike chini ya tochi, uiinamishe kidogo, uangalie pale mifereji inapoishia kabla ya lebo. Kuna pete laini isiyo na muziki. Humo utaona herufi na tarakimu zimechongwa, pengine kwa mkono, ndogo sana. Zinakili za pande zote mbili. Hizo hazichaniki na lebo, na zinaweza kutafutwa kwenye Discogs, tovuti yenye orodha ya santuri za dunia nzima. Kisha isikilize kwa utulivu uandike kila jina la mtu au mahali unalolisikia, hata usipoelewa sentensi, halafu mtafute mzee wa Kijaluo akae nayo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukizipata nambari, niandikie. Nina madaftari ya lebo nilizopiga picha miaka yote hii, tutazilinganisha, na ningependa kujua upande wa pili magitaa yanaanza wapi.